Daftari la Kumi na Mbili

SURA YA TANO

Madaftari yalikuwa kumi na moja. Inspekta aliyahesabu mara mbili, kwa kuwa polisi hahesabu kitu mara moja.

Yalikuwa kaunta buku nene, yamepangwa juu ya meza ya kukatia nguo, yote yamejalidiwa kwa karatasi ya kaki kama ya watoto wa shule. Kila moja lilikuwa na namba kwenye kona, na jina la marehemu mahali pa jina la mwanafunzi. Mwalimu alikuwa amefundisha fasihi ya Kiingereza miaka thelathini na minne. Alipostaafu alianza kuitafsiri riwaya moja kubwa ya Waingereza, ya kurasa mia sita, ya habari za familia ya wasubu kengele, mafundi wanaomimina shaba iliyoyeyushwa kwenye kalibu. Kazi hiyo ilimchukua miaka kumi na tisa. Wiki tatu zilizopita moyo wake ulisimama akiwa ameinama kufunga kamba za viatu, na daftari la kumi na mbili, la mwisho, halikuonekana.

Kampuni ya vitabu ilikuwa imeandika barua yenye adabu: wangengoja mpaka mwisho wa mwezi, basi. Riwaya bila mwisho hawaichapi. Zilikuwa zimebaki siku sita.

Mkuu wa kituo alipopelekewa malalamiko alicheka mpaka akakohoa. "Daftari? Nina pikipiki kumi na nne zimeibwa, wewe unaniletea daftari?" Inspekta akajibu kwamba angelifuatilia kwa siku zake za mapumziko. Hakusema kwamba Mwalimu ndiye aliyemfundisha.

"Ni Vidole," alisema mjane. "Nimeshasema, na nitasema hata mbele ya jaji."

Vidole alikuwa mpiga chapa wa kibanda kilicho karibu na posta, mwanamke aliyepewa jina hilo kwa kasi yake. Kila daftari lilipokamilika lilikwenda kwake, akalichapa kwenye kompyuta, kisha likarudi nyumbani.

"Mama, alichukue la nini?"

"Mwanangu, mwizi huulizwa ameweka wapi, haulizwi la nini. Hata msibani alikaa nyuma kabisa, akawa hataki kunitazama usoni. Nikamwambia palepale, mbele ya watu: nirudishie daftari la mume wangu."

Inspekta alifungua daftari la kwanza. Wino wa buluu, mistari imenyooka kama safu ya wanafunzi asubuhi. Juu yake, hapa na pale, maneno yamekatwa na kuandikwa upya kwa wino wa kijani.

"Huu wa kijani ni wa nani?"

"Huo ni mimi." Mjane aliweka mkono juu ya gurudumu la cherehani, kama mtu anayemshika bega rafiki. "Saa kumi alasiri, kila siku. Mimi nashona, yeye ananisomea alichoandika asubuhi. Nikisikia neno limekaa kama kifungo kwenye tundu lisilo lake, nasimamisha mashine. Hasemi kitu. Anachukua kalamu ya kijani, ananiuliza, 'Haya fundi, watu husemaje?'"

"Na wewe unamwambia."

"Namwambia. Kuna mahali wale watu wanatembea kwenye theluji, kurasa na kurasa. Nikamwambia, mume wangu, nani hapa amewahi kuikanyaga hiyo theluji? Andika ardhi ilikuwa baridi kama tumbo la chura, kila mtu ataelewa. Alinuna siku mbili. Ya tatu akaandika." Alitabasamu, tabasamu likakatika njiani. "Alikuwa akisema wale waandishi wakubwa wa Kiingereza hawakuwaandikia maprofesa. Riwaya ilitoka sura moja kila mwezi. Fundi viatu anainunua, anasomewa na binti yake, halafu mwezi mzima wanabishana nani ataoa, nani atakufa. 'Nami nakusomea hivyohivyo,' akaniambia. Nimengoja miaka kumi na tisa, mwanangu. Nimezeeka nangoja."

Kwenye ukurasa wa mwisho wa kila daftari kulikuwa na wino wa tatu, mwekundu. Mwalimu alikuwa akijisahihisha mwenyewe. La kwanza: *9/20. Unakimbilia wapi?* La nne: *11/20. Theluji bado.* La kumi na moja: *14/20. Uwe unamsikiliza mkeo.*

"Hizi alama alijipa wakati gani?"

"Tukishamaliza kulisoma lote. Kama hajanisomea, hakuna alama. Ndiyo ilikuwa sheria yake."

"Na la kumi na mbili una hakika aliliandika?"

"Nilimwona akifunga kalamu, Alhamisi. Akasema, 'Nimemaliza.' Nikavuta kiti. Akasema macho yanamuuma. Ijumaa, macho. Jumamosi, macho. Jumatatu nikamwambia twende kwa daktari, akasema yameanza kupona. Jumanne akavaa tai, akatoka."

"Tai?"

"Tai aliivaa kwa mambo mawili, mazishi na maktaba, na siku hiyo hapakuwa na mazishi. Alichukua mkoba wake na mwavuli. Alirudi mkoba mtupu, mwavuli hana, amelowa kama kuku. Namuuliza mwavuli uko wapi, ananijibu, 'Nimeuacha kwa watu.' Mwavuli wenyewe mpini wake niliufunga mimi, kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Jumatano ya wiki iliyofuata akanitoka."

Inspekta aliandika: *Jumanne. Tai. Mkoba. Mwavuli.* Alipoinua macho yalikutana na picha ukutani, ya msichana mwenye sare ya shule na pengo la jino. Aliyainamisha haraka. Msichana huyo, binti wa nyumba hii, alikaa naye dawati moja mpaka darasa la tano. Likizo ilipoanza homa ilimshika, siku ya nne ikamchukua. Shule ilipofunguliwa, Inspekta alikaa kwenye dawati lile peke yake mwaka mzima.

* * *

"Karibu, afande," alisema Vidole. "Fotokopi au pingu?"

"Swali moja tu."

"Hilo ndilo ghali."

Kibanda kilikuwa na upana wa kitanda. Kompyuta, mashine ya fotokopi iliyokuwa ikipumua kwa shida, mabunda ya karatasi mpaka darini. Vidole aliendelea kuchapa barua ya mtu anayeomba kazi, bila kutazama mikono wala skrini.

"Mwalimu alikuja hapa mara ya mwisho lini?"

"Alipoleta la kumi na moja. Zamani. Mwaka jana huko."

"Hakuja tena?"

"Hakuja."

Nyuma ya mlango, pamoja na ufagio, ulisimama mwavuli mweusi. Mpini wake ulizungushiwa kipande cha mpira, na mpira ule ulishonwa kwa uzi mweusi, mishono midogo iliyolingana yote.

"Mwavuli mzuri ule," alisema Inspekta.

Vidole aliacha kuchapa. 

"Wa mteja."

"Mteja fundi cherehani. Hata mpira ameupiga mshono wa gauni."

"Afande, mimi si mwizi."

"Sijasema mwizi. Nimesema mwongo. Kwenye mwizi hatujafika."

Vidole aligeuza kiti. Alikuwa na macho ya mtu aliyelala vibaya siku nyingi.

"Alikuja Jumanne, amevaa tai. Nikamtania, 'Babu, leo unaongeza mke?' Hakucheka. Mkobani niliona kaki. Akakaa hapo ulipo. Akaniuliza, 'Nikikuachia hili, ulichape, liende moja kwa moja kampuni, utaweza kuishi mtaa mmoja na mke wangu bila kumwambia lililomo?'"

"Ukasemaje?"

"Nikasema ukweli. Babu, mama ndiye anayenishonea. Kila mwezi nasimama mbele yake ananipima, ana macho yale yanayoona mpaka bitana. Akiniuliza mara moja tu natapika yote. Akasema, 'Hata mimi.' Akacheka kidogo, akainuka. Nilipouona mwavuli nikamkimbilia, alikuwa ameshavuka barabara."

"Daftari?"

"Aliondoka nalo. Haki ya Mungu. Wala sikulifungua, sijui lina nini."

"Ungemwambia mama hivyohivyo tangu mwanzo, asingekuita mwizi."

"Nimwambie nini, afande? Kwamba wiki ya mwisho ya maisha yake mumewe alikuwa anazunguka mjini akitafuta mahali pa kumficha kitu? Bora mimi niwe mwizi. Hasira ya kuibiwa hupoa. Ile nyingine haipoi."

Inspekta alinyoosha mkono kuuchukua mwavuli. Vidole alitangulia kuushika.

"Huo hauondoki. Kanitukana mbele ya msiba mzima, hata chai sikumaliza. Mwambie aje auchukue mwenyewe."

* * *

Mkutubi aliitwa Kimya, kwa neno alilolitamka kuliko yote. Alilitamka kwa sauti kubwa kuliko ya hao waliokuwa wakipiga kelele.

"Kitabu kilirudi Jumanne ile, wiki moja kabla hajafa," alisema, akigonga muhuri kwa kidole. "Mimi sipotezi kitu."

Riwaya ya wasubu kengele ilikuwa imeshonwa mgongo mara tatu. Karatasi za tarehe zilibandikwa moja juu ya nyingine hadi jalada la nyuma likawa nene kama kitumbua cha ngano. Kila wiki mbili muhuri, kila muhuri msomaji yuleyule.

"Hakuna mwingine aliyewahi kukiazima?"

"Nani? Watu wanataka vitabu vya kufaulia mtihani. Hao wakubwa wa Kiingereza kila mtu anawasifu, hakuna anayewabeba nyumbani. Ila Mwalimu."

Inspekta alifungua ukurasa wowote na kukisogeza dirishani. Pembeni mwa kila aya kulikuwa na nukta ndogo ya penseli. Alifunua mbele, nukta zikaendelea. Mwalimu alikuwa akitia nukta kila alipomaliza aya, kama mtu anayekunja kidole kwa kila gogo alilochanja. Nukta ya mwisho ilikuwa pembeni mwa aya ya mwisho ya ukurasa wa mwisho. Basi mjane alisema kweli: tafsiri iliisha.

Alirudi nyuma mpaka mwanzo wa sura hiyo, akaanza kusoma. Kiingereza chake kilikuwa cha ripoti na mahakama, kwa hiyo alikwenda polepole, midomo ikicheza. Alianza akiwa amesimama. Baada ya kurasa tatu alivuta kiti. Kengele kubwa, ambayo kijiji kizima kiliingoja tangu sura ya kwanza, ilikuwa imetoka kwenye kalibu bila ufa. Lakini binti mdogo wa msubu kengele, aliyeanza kukohoa katikati ya kitabu, hakufika siku ya kuisikia. Alfajiri mama yake alifungua mlango, majirani wakiwa wamesimama uani kwenye baridi, akawaambia.

Inspekta alikifunga kitabu.

Macho ya Mwalimu hayakuwa yakiuma.

"Siku hiyo," alisema, "aliporudisha kitabu, aliondoka papo hapo?"

"Hapana. Alikwenda upande wa watoto, kwenye rafu ya binti yake. Alikaa pale saa nzima, kwenye kile kiti kidogo, magoti yamefika kidevuni. Nilitaka kumwambia viti vile ni vya watoto. Nikaacha."

"Daftari unalo wewe?"

"Afande, humu kila kitu kina namba mgongoni. Kisicho na namba kwangu si kitabu, na kama si kitabu hakimo humu. Nilishamwambia mjane."

"Twende kwenye rafu."

Ilikuwa rafu fupi, chini ya dirisha. Mwaka ule binti yao alipofariki, Mwalimu na mkewe walileta vitabu vya hadithi, wakavijalidi vyote kaki, na mama akashona kipande cha kitambaa chenye jina la mtoto, kikapigiliwa kwenye ubao.

"Vingapi?"

"Arobaini. Nahesabu kila Desemba."

"Hesabu sasa."

Kimya alihesabu kwa kidole. Mwisho wa rafu kidole kilisimama hewani. Akahesabu tena, mara hii kuanzia kulia.

"Arobaini na moja," alisema, na kwa mara ya kwanza Inspekta alimsikia akinong'ona. "Wiki nne kimekaa hapa. Nimepita na kitambaa cha vumbi kila asubuhi. Kwa vile hakina namba mgongoni..."

Lilikuwa la mwisho, limeegemea ubao. Kwenye kona, namba 12. Mahali pa jina la mwanafunzi hapakuwa na jina la Mwalimu. Palikuwa na jina la binti yake. Inspekta alifungua ukurasa wa mwisho. Hapakuwa na wino wa kijani, wala mwekundu. Chini kabisa kulikuwa na neno moja la penseli: *Halijasahihishwa.*

* * *

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika chache. Mjane alikuwa kwenye cherehani, anapinda upindo wa shuka.

"Umemkamata?"

"Mama, kaa tuzungumze."

"Mwanangu, nimekaa tangu asubuhi."

Inspekta alitoa daftari mkobani, akaliweka juu ya shuka. Mjane hakulishika mara moja. Aliliangalia jina, kisha akapitisha kidole gumba juu yake kutoka herufi ya kwanza mpaka ya mwisho, kama anayekagua mshono.

"Lilikuwa maktaba," alisema Inspekta. "Kwenye rafu ya..."

"Najua rafu."

"Vidole hakuiba. Mwalimu alimwomba amtunzie siri, akakataa. Aliogopa ungemuuliza."

"Siri gani?"

Njia nzima Inspekta alikuwa amepanga sentensi, na zote zilikuwa za ripoti. "Mama, yule mtoto wa msubu kengele..."

"Anakufa," alisema mjane.

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Nje mtu alipita akipiga kengele ya baiskeli.

"Nilijua tangu daftari la saba, alipoanza kukohoa. Mimi ni fundi. Ukinipa kitambaa najua kitaishia wapi. Mwandishi hamkohozeshi mtoto bure."

"Na hukumwambia Mwalimu?"

"Nilikuwa nangoja aniambie yeye." Alivua miwani, akaifuta kwa shuka ya mteja, akaivaa tena. "Tangu yule wetu aondoke, hatujawahi kumlilia pamoja. Hata siku moja. Yeye alimlilia bafuni, bomba likiwa wazi. Mimi nilimlilia hapa, mashine ikipiga kelele. Kila mmoja anadhani anamkinga mwenzake. Sasa lilipokuja hili la kengele, nikajisemea: tutafika sura ile, ataisoma, sauti itamkwama, na mimi nitasimamisha mashine. Tutalia wote wawili. Mtu akipita dirishani tutasema tunamlilia mtoto wa Mzungu. Miaka yote hiyo nimeingoja sura hiyo, mwanangu. Kumbe mwenzangu anaikimbia kwa ajili yangu."

 Kitabu cha maelezo cha Inspekta kilikuwa magotini, kimefungwa.

"Soma," alisema mjane.

"Mimi?"

"Alikufundisha kusoma, hakukufundisha?"

Akasoma. Mwanzoni alisoma kama anayetoa ushahidi, mjane akamwambia apunguze mwendo, hakuna anayemfukuza. Kengele ikatoka kwenye kalibu. Usiku ukaingia, kijana wa jirani akatumwa mjini kwa daktari. Alfajiri mlango ukafunguliwa. "*'Majirani zangu,'*" alisoma Inspekta, "*'mtoto wetu amefariki dunia.'*"

Mjane aliinua mkono.

Kalamu ya kijani ilikuwa kwenye kopo la mikasi. Inspekta aliichukua. 

"Haya fundi. Watu husemaje?"

Mjane alikuwa akitazama picha ya ukutani.

"Mama hasemi hivyo. Siku ile hilo neno hana, watu watampa baadaye, kidogo kidogo. Si kuna kijana amekwenda kuita daktari? Andika: 'Mwambieni daktari asije.' Basi. Usiongeze kitu. Ndivyo nilivyosema mimi."

Inspekta alikata mstari, akaandika. Kisha akaendelea mpaka chini, mpaka kengele ikapigwa mara ya kwanza na kijiji kikavua kofia. Sauti ilimkwama mara mbili, na mara zote mbili mjane alingoja. Walipofika kwenye lile neno la penseli, wote wawili walikuwa na nyuso zilizolowa, na hakuna aliyepita dirishani.

"Kalamu nyekundu iko droo ya kushoto," alisema mjane.

Alifikiri muda mrefu, kalamu ikielea juu ya karatasi. Mwandiko wake ulikuwa wa herufi kubwa kubwa, wa mtu aliyezoea kuandika vipimo. *19/20*, aliandika.

"Moja nimeikata kwa uongo wa macho," alisema. Halafu, kwa kuwa Mwalimu kila mara aliongeza neno, naye akaongeza: *Ungenisomea.*

Alipuliza wino ukauke. Alifunga daftari, akainuka, akachukua mtandio kwenye msumari.

"Mwavuli wangu uko kwa Vidole?"

"Uko. Anasema ukauchukue mwenyewe."

"Anasema haki." Alipofika mlangoni aligeuka na kumkuta Inspekta amesimama nyuma yake. "Wewe bakia. Radhi haiombwi na polisi mgongoni."

Manyunyu yalikuwa yameanza. Inspekta akiwa kizingitini alimwona akiliingiza daftari ndani ya mtandio, kifuani, na kulifunika kwa mikono miwili kama mtu anayemkinga mtoto asilowe. Kisha akatazama kulia na kushoto, akavuka barabara.